Dakika kumi kwa wiki: shajara ya kupanga watumishi wa Jobcentre, 2020–2021

Shajara hii niliiandika kwa Kiswahili makusudi. Wenzangu ofisini hawakisomi, nami nilitaka mahali pa kupigia hesabu, na wakati mwingine pa kunung'unika, bila mtu kuchungulia begani. Ofisi ipo katika mji mdogo wa Midlands, Uingereza. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwa msomaji asiyezijua Jobcentre: ni ofisi za serikali ambako mtu asiye na kazi hukutana na mshauri wa kazi. Posho yenyewe, inayoitwa Universal Credit, huombwa mtandaoni, na malipo ya kwanza huja baada ya wiki tano.

Jumatatu, 23 Machi 2020

Meneja ameniita saa tatu asubuhi. Tumesimama yeye huku mimi kule, kama watu waliogombana. "Wewe unapenda mahesabu," kaniambia. "Kuanzia leo utapanga nani anakaa dawati gani, na anafanya nini." Ndio mradi wenyewe huo. Hauna jina wala bajeti, una jedwali la Excel na mimi.

Tangu Alhamisi, kwa sababu ya korona, waombaji hawatakiwi kufika ofisini. Ukumbi mtupu. Nilidhani kazi imepungua, mpaka nilipofungua orodha ya maombi mapya. Nimeishusha, nimeishusha, haifiki mwisho. Wahudumu wa mabaa, madereva wa teksi, vinyozi, kinamama wa usafi wa hotelini, fundi wa jukwaa la muziki. Wengi hawajawahi kuomba hata senti ya serikali; unaliona hilo kwa namna wanavyojaza fomu, na maelezo marefu ya kujitetea mahali panapotaka neno moja.

Usiku Waziri Mkuu katangaza kwenye televisheni kwamba watu wakae majumbani. Kesho orodha itakuwa ndefu zaidi.

Jumatano, 1 Aprili

Wizara ya Kazi na Pensheni imetoa hesabu: kati ya tarehe 16 na 31 Machi yameingia maombi 950,000 nchi nzima. Kwa kawaida wiki mbili huleta kama 100,000. Nimeisoma mara mbili nikidhani sifuri imezidi.

Wanasema watumishi 10,000 wamehamishwa waje kusaidia. Nimeulizwa na jirani wametokea wapi. Hawakushuka kutoka mbinguni, ni sisi sisi. Juzi tarehe 30 serikali imesimamisha kwa miezi mitatu sharti la kumtaka mwombaji aonyeshe kila wiki kwamba anatafuta kazi, na sharti hilo ndilo lililokuwa likila siku za washauri. Umelitoa, mshauri yuko huru. Umempa hedifoni, kesho anashughulikia maombi mapya. Ni sawa na mama lishe anayefunga meza ya chapati ili wote wasimame kwenye wali. Wateja wa wali watakula. Wa chapati wapo, wamenyamaza tu, na Julai watarudi.

Nimeandika hilo kwenye kona ya jedwali kwa wino mwekundu: *Julai.*

Alhamisi, 9 Aprili

Utaratibu umegeuzwa. Zamani mtu akishajaza fomu mtandaoni alitakiwa apige simu kuweka miadi. Kuna siku laini zilipokea simu zaidi ya milioni 2 kwa siku moja. Hakuna idadi ya watumishi duniani inayoweza kupokea hizo. Sasa ujumbe ni: usitupigie, tukikuhitaji tutakupigia sisi.

Kwa mpangaji hii ni nafuu kuliko kuletewa watu hamsini. Simu inayoingia huamua yenyewe saa ya kuingia, na saa nne asubuhi kila mtu anapiga. Simu unayoitoa wewe unaweza kuipanga saa tisa alasiri, saa watu wangu wanapokuwa na nafasi. Mzigo haukupungua hata kilo moja, umetandazwa tu.

Kasoro ni moja. Simu zetu huonekana kama namba iliyofichwa, na watu wengi hawapokei namba wasiyoijua. Tunapiga mara mbili, ya tatu tunaandika kwenye ukurasa wa mwombaji. Ukurasa huo, kwa taarifa yenu, ndani ya mfumo wenyewe unaitwa shajara. Kila mwombaji ana yake: anaandika yeye, tunajibu sisi. Kwa hiyo humu nina shajara yangu, na kule nina shajara za watu, na za watu ndizo zinazoamua nitatoka saa ngapi.

Jumanne, 21 Aprili

Leo nimeshika simu mwenyewe kwa sababu wawili wanaumwa. Mwombaji wa nne alikuwa baba mmoja mwenye lafudhi ya Bukavu. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, na utaratibu unataka aletwe mkalimani wa simu. Kabla sijamaliza kumweleza, kanikatiza.

"Mama, unasemaka Kiswahili?"

"Ndiyo, baba."

Kimya. Halafu: "Mungu ni mukubwa."

Alikuwa akiosha vyombo jikoni hotelini. Katikati ya Machi aliambiwa asirudi. Nimemuuliza alikuwa kwenye orodha ya mishahara tangu lini. Kasema miaka mitatu. Hapo nikaacha fomu. Serikali ina mpango wa kulipa asilimia 80 ya mshahara, mpaka pauni 2,500 kwa mwezi, kwa wafanyakazi walioambiwa wakae nyumbani, na mwajiri anaruhusiwa kumrudisha kwenye orodha mtu aliyemwachisha baada ya tarehe 28 Februari ili alipwe kupitia mpango huo. Yeye hakulijua, na inawezekana hata bosi wake hakulijua. Tumeandika pamoja ujumbe mfupi wa Kiingereza wa kumtumia bosi. Kaurudia kunisomea neno kwa neno, polepole, kama mtu anayekariri dua.

Simu ilichukua dakika arobaini na tatu. Jedwali langu limempa kumi na tano. Angepitia kwa mkalimani ingefika saa nzima, maana kila sentensi husemwa mara mbili. Nimeongeza safu mpya: *lugha*. Mpaka leo nilikuwa nikipanga kana kwamba kila anayepigiwa anazungumza kama mtangazaji wa BBC.

Jumatano, 6 Mei

Jambo la kuandika haraka nisije nikasahau. Ili watu walipwe, uhakiki umelegezwa: mambo ambayo zamani mtu aliyathibitisha kwa kuja na pasipoti na mkataba wa nyumba, sasa tunayapokea kwa maneno yake. Naunga mkono. Mtu mzima mwenye umri wa miaka 25 na zaidi anayeishi peke yake, kiwango chake cha msingi ni pauni 409.89 kwa mwezi, na ndani yake imo nyongeza ya pauni 20 kwa wiki iliyoanza Aprili. Huwezi kumwambia asubiri hizo mpaka ofisi zifunguliwe.

Ila kila uhakiki tulioruka ni dakika tulizokopa. Nimefungua ukurasa mwingine kwenye jedwali, nimeuita *Deni*.

Alhamisi, 2 Julai

Jana sharti la kutafuta kazi limerudi, na zile chapati zimerudi mezani. Nimekaa mpaka saa mbili usiku kupiga hesabu, na nadhani nimepata jambo ambalo wakubwa wa ofisi nyingi hawalioni, kwa kuwa wanatazama mlangoni tu.

Chukua mshauri mmoja. Mkataba wake ni saa 37 kwa wiki. Toa likizo, mikutano, mafunzo, kuandika kumbukumbu, na mfumo kugoma; tuseme zinabaki saa 25 za kuongea na watu. Hizo ni dakika 1,500.

Mwombaji mpya anahitaji kikao cha kwanza cha dakika 50, ambamo mnakubaliana atafanya nini kila wiki. Baada ya hapo, kwa wiki 13 za mwanzo, anapaswa kuonana na mshauri kila wiki dakika 10. Jumla yake 130. Kwa hiyo kile kikao cha kwanza, ambacho kila mkubwa anakipigia kelele, ni 50 kati ya dakika 180.

Mpe mshauri huyo wapya wanane kwa wiki. Wiki ya kwanza ana dakika 400 za kazi. Ukipita karibu yake utamwona anakunywa chai, utasema ofisi ina watu wa ziada. Wiki ya tano ana watu 32 wanaorudi, ni dakika 320 juu ya zile 400. Bado anacheka. Wiki ya kumi na nne ana watu 104 wanaorudi: dakika 1,040, jumlisha 400, ni 1,440. Zimebaki dakika 60 kwa wiki nzima, na hajaugua, hajakutana na mtu analia, hajampata baba wa Bukavu.

Na idadi ya wanaoingia haijaongezeka hata mmoja! Ni wanane wale wale kila wiki. Kilichoongezeka ni wanaobaki. Ofisi inayoajiri kwa kuhesabu wanaoingia itaajiri miezi mitatu baada ya muda, tena siku foleni ya mlangoni imeanza kupungua, na mhasibu atauliza kwa nini tunaajiri sasa.

Nimemwonyesha meneja asubuhi. Kaikodolea macho ile safu ya wiki ya kumi na nne, kisha kauliza, "Na wakipata kazi?" Swali zuri. Wakipata kazi, jedwali linapumua. Ndiyo maana idadi ya watumishi ninaohitaji inategemea zaidi mabaa na hoteli za mji huu kuliko maombi. Mabaa ya England yanafunguliwa Jumamosi. Hoteli nazo.

Alhamisi, 9 Julai

Jana Waziri wa Fedha, Rishi Sunak, katangaza mpango wa ajira. Washauri wa kazi nchi nzima, ambao ni 13,500, watafanywa 27,000 ifikapo Machi mwakani. Na pauni bilioni 2 kwa mpango wa kuwalipia vijana wa miaka 16 mpaka 24 mshahara wa miezi sita.

Watu ofisini wamepiga makofi. Mimi nimehesabu viti. Kwa umbali wa mita mbili, nusu ya madawati yetu yana alama ya X ya utepe wa njano. Ukiniletea watu mara mbili nitawakalisha kwenye ngazi. Wizara inasema itakodi majengo ya muda. Kuna maduka mengi tu yaliyofungwa.

Jumatatu, 28 Septemba

Wageni wanne wameingia leo. Mmoja alikuwa akiuza safari za ndege, mwingine meneja wa mgahawa. Huyu wa mgahawa alikuwa mwombaji wetu mwenyewe mpaka Agosti! Kaniambia, "Nilikuwa upande ule wa simu." Nimempa dawati la dirishani.

Jumatano, 14 Oktoba

Hapa nakiri kosa, na ni langu, si la mtu mwingine.

Kwenye jedwali niliwaandika wageni wanne kuwa ni watu wanne kuanzia siku ya kwanza. Mkeka wa miadi nikaujaza kwa hesabu hiyo. Kufika wiki ya pili, watu walikuwa wakingoja simu ya saa nne mpaka saa saba, na mwenzangu mmoja, mtu mpole kuliko wote, kavua hedifoni akatoka nje bila koti kwenye mvua. Nilimfuata. Hakusema kitu, nami sikuwa na la kusema.

Mgeni hawezi kufanya kazi peke yake mwezi wa kwanza. Lazima ajifunze mfumo, sheria, na namna ya kumuuliza mtu maswali ya ndani bila kumvunjia heshima. Na anajifunza kwa kukaa na mwenyeji. Kwa mita mbili hawezi kutazama skrini ya mwenyeji, kwa hiyo kila kitu kinaelezwa kwa mdomo, mara tatu. Kila mwenyeji anapoteza theluthi ya siku yake.

Basi hesabu ya kweli ni hii: mwezi wa kwanza mgeni ni sifuri, na anamtoa mwenyeji theluthi. Wanne wanatoa theluthi nne. Nimeongezewa watu wanne nikapungukiwa na mmoja na kitu.

Nimeusahihisha mkeka: mwezi wa kwanza sifuri, wa pili nusu, wa tatu robo tatu. Wenyeji nimewapunguzia miadi. Nimemwomba yule wa mgahawa awafundishe wenzake namna ya kufungua mazungumzo, maana anajua jinsi yanavyosikika upande wa pili. Kasema jambo moja nimeliandika kwenye karatasi na kulibandika: usianze na namba ya utambulisho, anza na jina lake.

Ijumaa, 6 Novemba

Amri ya kukaa ndani imerudi jana. Mpango wa mishahara, uliokuwa uishe tarehe 31 Oktoba, umeongezwa mpaka Machi.

Mwezi Julai ofisi huru ya serikali inayotabiri bajeti iliweka makadirio yake ya kati: ukosefu wa ajira ungefika asilimia 11.9. Wizara iliajiri kwa kutazama wimbi hilo. Wimbi halijatufikia bado, na nadhani ni kwa sababu limeshikiliwa na bwawa, yaani mpango wenyewe wa mishahara. Bwawa hilo nalo nani anajua litafunguliwa lini? Kila likikaribia tarehe ya mwisho napandisha idadi, kila likiongezwa naishusha. Wenzangu wanauliza kama nimechanganyikiwa. Nawaambia muulizeni Waziri wa Fedha.

Jumatano, 31 Machi 2021

Lengo limefikiwa: washauri 27,000. Wapokeaji wa Universal Credit nchi nzima sasa ni kama milioni 6. Mwaka jana wakati kama huu walikuwa milioni 3. Karibu wanne katika kumi wana kazi, ila mshahara hautoshi. Hao hawahitaji zile dakika kumi kila wiki. Ukigawanya wapokeaji wote kwa washauri wote utapata namba ya kutisha watu kwenye habari, isiyokusaidia kupanga hata Jumatatu moja.

Jumatatu, 12 Aprili

Milango imefunguliwa tena kwa wanaokuja kuonana na mshauri ana kwa ana. Jengo la muda limetupa nafasi, ingawa bado linanuka rangi.

Jambo ambalo sikulipanga: ana kwa ana watu hukaa. Kwenye simu dakika kumi huisha kwa dakika kumi. Hapa mtu anaweka mwavuli, anavua glavu, anatoa bahasha iliyokunjwa mara nane, anasema, "Na hii je?" Ndani ya bahasha kuna barua ya kufukuzwa nyumba. Mama mmoja wa Barawa kanisalimia "Shikamoo" ingawa ni mkubwa wangu kwa miaka ishirini. Nimeona haya, tumecheka, hapo hapo dakika nne zimekwenda, na sizijutii.

Nimepandisha kikao cha ofisini kutoka kumi hadi kumi na tano. Meneja kakubali bila kubishana, na hilo si kawaida yake.

Jumanne, 18 Mei

Takwimu za malipo yaliyozidi zimetoka mwezi huu. Katika mwaka wa fedha uliopita, asilimia 14.5 ya fedha zote za Universal Credit zililipwa kupita kiasi, kwa udanganyifu au makosa. Ni kama pauni bilioni 5.5. Magazeti yanasema wezi, na wezi wamo kweli.

Mimi nimefungua ule ukurasa wa *Deni* wa Mei mwaka jana. Maombi tuliyoyapitisha kwa neno la mtu yanaanza kurudiwa uhakiki, na kila moja linachukua muda mrefu kuliko kama lingehakikiwa siku ile, kwa kuwa sasa mtu amehama, mwenye nyumba hapokei simu, mwajiri amefunga biashara. Bado nasema ilikuwa sawa kulipa. Ila nani aliweka watumishi wa kulipa deni hilo? Mikataba mingi ya wageni wetu ni ya muda, na watu wanaijua tarehe yao kama watu wanavyojua siku ya kuzaliwa.

Jumanne, 14 Septemba

Takwimu mpya: nafasi za kazi zilizo wazi Juni mpaka Agosti ni 1,034,000, mara ya kwanza kupita milioni. Ukosefu wa ajira ulipanda mpaka asilimia 5 na kitu mwishoni mwa mwaka jana, kisha ukaanza kushuka. Ile 11.9 haikuja.

Sasa nasikia wanasema tuliajiri kupita kiasi. Labda. Ila kwa wiki kadhaa hapa ndipo washauri wetu wamepata nafasi ya kumsikiliza mtu mpaka mwisho, na yule kijana wa usafirishaji ambaye kwa mwaka mzima alijibu "sawa" kwa kila kitu kasema Ijumaa kwamba hajui kusoma vizuri. Mwaka mzima! Tumempeleka darasa la jioni. Hilo lilihitaji mtu mwenye dakika za ziada.

Jumatatu, 4 Oktoba

Mpango wa mishahara umeisha Alhamisi. Nilitega masikio kwa maombi mapya wikiendi nzima. Mpaka saa sita mchana leo ni ya kawaida.

Kitu kingine ndicho kimejaza laini. Keshokutwa, tarehe 6, ile nyongeza ya pauni 20 kwa wiki inaondolewa, na watu wanaandika kwenye shajara zao: je, ni mimi peke yangu? Nimekosea nini? Wengine ni watu wa mwaka mmoja na nusu, hawajawahi kupata posho isiyo na nyongeza hiyo, kwa hiyo kwao ni kama mshahara umekatwa.

Jedwali lina safu ya maombi mapya, vikao vya kwanza, wanaorudi, lugha, na deni. Halina safu ya mtu anayeuliza kwa nini. Hilo si ombi wala si kikao, halina namba ya utambulisho, lakini linakula asubuhi nzima.

Nimeiongeza. Nimempa yule wa mgahawa na wengine wawili laini hiyo mpaka mwisho wa wiki, dakika sita kwa kila simu. Ijumaa nitaangalia kama sita zimetosha.